Kula na Kura Kwenye Seva Moja

Mwaka nilioingia kazini ni ule ambao karanga zilikataa shambani, na Mbale watu wakala malewa matupu. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi. Ukiyapika bila karanga za kusaga, unatafuna kamba. Upande wa Jinja, muuza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, aliweka yai moja pahali pa mawili, kisha akakutazama usoni aone kama utasema kitu. Hatukusema. Tulikula. Anayetaka namba ya mwaka huo akaulize waliosoma. Mimi miaka naihesabu kwa mdomo.

Waiswa, mwenye ofisi, ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili ya vijana watakaokuja nyuma yangu. Alisema, "Kukhu, andika kila kitu." Kukhu ni bibi, kwa lugha ya sisi Wagisu. Kila kitu sitaandika. Mshahara siuandiki: ulikuwa mdogo na uliliwa. Vyeo sina: niliingia mfungua ofisi, nimetoka mfungua ofisi. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isogezeni wenyewe.

Kwanza mjue Kiswahili changu kilitoka wapi. Mume wangu, Mungu amlaze, alikuwa askari wa magereza, Mlango kutoka kaskazini. Nasema kabila la Walango, si mlango wa kufunga, ingawa kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kufunga. Yeye na lugha yake, mimi na yangu. Kiswahili ndicho kilichotuoa. Wako watu hapa Uganda wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki. Mimi nakumbuka mtu mrefu akiniomba chumvi.

Alikaa geti miaka mingi. Siku za kutembelea wafungwa, wanawake walijaa pale nje na sufuria zao zimefungwa kwa vitambaa. "Afande, fungua, nimeleta chakula." Naye, hata kama anamjua mama huyo na sufuria yake, aliuliza: "Sema ni ya nani, au sifungui." Walimu watasema ilifaa awe amesema "cha nani". Getini hatukuwa na walimu. Kambini kila kitu kilikuwa "ya": chakula ya, viatu ya, mtoto ya. Siku moja nilimwambia anawasumbua wenzangu bure. Akaniambia, "Chakula ikiingia bila jina, mwenye nguvu anakula, mwenye jina analala njaa." Sikujua kwamba maneno hayo siku moja yatanilisha mimi.

Alipofariki, nilitafuta kazi ya kufagia, nikaipata Nalufenya, hapa Jinja, kwenye nyumba ya kawaida ambayo sebule yake ilikuwa imejaa kompyuta. Waiswa, Msoga mwenye tumbo la mapema na sauti ya mnadani, alinionyesha ufagio, birika na ufunguo. Akaniambia, "Hapa tunaandika programu." Nikasema, "Sawa, bwana, na choo kiko wapi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza.

Aliyenifundisha kazi ni Hamza. Alikuwa fundi wa programu, mtoto wa Waislamu wa Mbale, watu wa duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Asubuhi ya pili alinipeleka kwenye rafu. Kompyuta zilikaa pale kwa mstari, kila moja imefunikwa kitambaa cha rangi yake.

"Kukhu, kila mradi una mashine yake," akasema. "Usihamishe kitambaa."

"Kwa nini hamziweki programu zote kwenye moja? Umeme hamlipi?"

"Zinagombana."

Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli. Programu moja iliandikwa kwa lugha inayoitwa kwa jina la nyoka, chatu. Sasa chatu wako wawili, wa zamani na mpya, na ingawa jina ni moja hawali chakula kimoja. Alichoandikiwa wa zamani, mpya anakitema. Tena kuna kiunzi, ndiyo nguzo na kenchi za nyumba kabla hujaweka matofali. Na kiunzi nacho kina matoleo yake. Mradi uliojengwa juu ya kiunzi cha mwaka juzi, ukiuwekea cha mwaka huu, paa linakaa upande. Hamza alizungumza pia juu ya maktaba. Nilikaa mwezi mzima nikitafuta vitabu vyenyewe ili nivipanguse vumbi.

Vumbi kwa kweli halikuwa adui wetu. Adui alikuwa vijidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka juu ya maji kama moshi na kuingia kila penye feni. Nilivitoa kwa brashi ndogo ya rangi, feni moja baada ya nyingine. Brashi hiyo ninayo mpaka leo. Waiswa alitaka kuninunulia mashine ya kupuliza hewa. Nikamwambia anunue sukari, imekwisha.

Baadaye mashine zikaanza kuchoka, na Hamza akahamishia miradi yote kwenye seva moja kubwa iliyokuwa ikinguruma kama mtu mwenye pua iliyoziba. Nikamwuliza, na ugomvi je? Akanivutia kiti.

"Ndani ya mashine nimejenga vyumba. Kila mradi chumba chake. Ndani ya chumba kuna toleo lake la lugha, kiunzi chake na maktaba zake, vile vipande vya programu tunavyoazima kwa wengine. Mlangoni nimeweka faili dogo sana, lina namba tu. Namba hiyo inaiambia mashine: humu ndani ni chatu yupi."

"Kama kambini," nikasema. "Kila zamu na neno lake la kupita."

"Ndiyo hivyo, Kukhu."

Tunaishi kando ya bwawa linalowasha nchi nzima, na umeme unatukatikia sisi kwanza. Kila ukikatika, seva inalala, na mimi ndiye wa kwanza kufika asubuhi. Basi Hamza akanifundisha kuiamsha. Unaandika neno la kuingia chumbani. Unatazama mwanzo wa mstari: jina la chumba linatokea ndani ya mabano. Kama mabano hayapo, uko kwenye korido, usiguse kitu. Kama yapo, unasoma namba, unaiita programu, unangoja ikohoe. Nilijifunza kwa vidole viwili. Sikuelewa programu zinafanya nini huko ndani na mpaka leo sielewi, lakini hata mume wangu hakuwa hakimu. Kazi yake ilikuwa geti.

Sasa nije kwenye miradi miwili iliyotuchoma.

Wa kwanza ulikuwa wa chakula cha mchana cha shule moja ya Malukhu, Mbale. Kila mtoto ana kadi, anaigusisha kwenye kisoma kadi pale dirisha la jiko, skrini inaandika jina lake, mpishi anapakua. Hamza aliandika maneno ya skrini kwa Kiswahili kwa sababu mpishi alikuwa mjane wa polisi kama mimi nilivyo mjane wa magereza. Mradi huo akauita Kula. Ulikaa kwenye chatu wa zamani, maana visoma kadi vile havikujua kuongea na mwingine.

Wa pili ulikuwa wa chama cha wachuuzi wa soko moja la Jinja. Walitaka kuchagua viongozi wao kwa simu, kwa kuwa kila uchaguzi wa makaratasi uliisha kwa kurushiana nyanya. Huo ulikaa kwenye chatu mpya, na kiunzi kipya, kila kitu kinang'aa. Hamza akauita Kura.

Kwa ulimi wa Hamza hayo ni maneno mawili, na kati yake unaweza kupitisha ng'ombe. Kwa ulimi wa Waiswa, na wa nusu ya watu wa nchi hii, ni neno moja.

Asubuhi ya uchaguzi wa wachuuzi Waiswa alikuwa sokoni. Toleo la Kura lenye majina ya wagombea lilikuwa tayari, likingoja kupandishwa, yaani kuwekwa mahali pa lile la zamani. Simu ya Hamza ikalia, na sauti ya bosi niliisikia mimi niliyekuwa jikoni.

"Hamza! Pandisha Kula! Watu wamesimama hapa! Pandisha Kula halaka!"

Mtu anayesema "halaka", jamani, r yake iko wapi? Lakini Hamza hakuuliza hivyo. Tena kulikuwa na jambo jingine: kwa wiki nyingi alikuwa akimwomba Waiswa ruhusa ya kumtoa yule chatu wa zamani kwenye Kula, kwa sababu waliomtengeneza walikuwa wametangaza hawatamtibu tena. Bosi alikuwa akisema ngoja, ngoja. Sasa ameitwa kwa jina, kwa sauti, aipandishe. Uso ukamng'aa.

"Kukhu, amekubali!" akaniambia. Akakaa, akaingia chumba cha Kula, akafuta namba ya mlangoni, akaandika mpya.

Kosa la Hamza lilikuwa kusema Kiswahili vizuri. Alidhani na wengine wanasema wanachosema.

Waiswa akapiga tena, anapiga kelele kwamba majina hayaonekani. Hamza akasema yataonekana vipi, hii ni ya shule. Wakabishana, kila mmoja anasema Kula, kila mmoja anasikia lake, mpaka Hamza akanyamaza katikati ya neno. Akasema taratibu, "Bosi, tafadhali. Kula ya mdomo au kura ya sanduku?"

"Ya sanduku, bwana! Tangu lini soko linakula?"

Hamza akaipandisha Kura, wachuuzi wakachagua, nyanya zikabaki kwenye meza zake. Kisha akageuka kwa watoto. Chumba cha Kula kilikuwa kimevurugika: namba aliirudisha mara moja, lakini maktaba za zamani alikuwa amezitoa, na kuzivuta tena kwa mtandao wetu wa siku hizo ilikuwa kama kunywa uji kwa bua. Mstari wa kushusha ulisogea, ukasimama, ukasogea. Alipomaliza, saa ya chakula Malukhu ilikuwa imepita.

Jioni binti yangu alinipigia kutoka Mbale, akampa mtoto wake simu. Nambozo, mjukuu wangu, alikuwa msichana mdogo mwenye maswali mengi, na shule yake ndiyo hiyo.

"Kukhu," akasema, "mashine imesema mimi sipo."

"Imesemaje?"

"Niligusa kadi ikaandika 'Mwanafunzi hayupo'. Nikamwambia mpishi, mimi huyu hapa. Akasema anaona, lakini mwalimu mkuu amekataza kupakulia mtu ambaye mashine haimjui. Nikasimama pembeni na wenzangu. Tulikuwa wengi. Kukhu, mimi nipo?"

Nimezika mume, nimezika kaka, lakini swali hilo lilinikalisha chini. Nikamwambia upo, mama, upo kabisa, kula kilichopo nyumbani. Nikakumbuka lile la chakula kisicho na jina. Safari hii chakula kilikuwepo na jina lilikuwepo, ila geti lilifunguliwa kwa sauti, bila kuuliza ni ya nani.

Asubuhi nilimweleza Hamza. Hakujitetea. Alikunywa chai yake bila sukari, yeye mtu wa vijiko vitatu. Waiswa alipokuja akasema, "Basi tubadilishe majina, moja liwe Chakula, moja liwe Uchaguzi."

"Tubadilishe leo," Hamza akasema, "kesho unakuja na mradi wa mahali na mradi wa mahari. Tatizo si jina."

"Basi nitakuwa naandika ujumbe."

"Hebu andika."

Waiswa akaandika kwenye simu yake. Hamza akanionyesha. Bosi alikuwa ameandika KULA, kwa herufi kubwa, na alimaanisha ile ya sanduku. Tulicheka wote watatu, hata Hamza, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo niliposema habari za getini. Sikuitoa kama hekima. Niliitoa kama mtu anavyomkumbuka mume wake. Hamza akaniomba niyarudie maneno ya mume wangu. Kesho yake akafunga zile namba zote za milangoni kwa neno la siri, akanifundisha kulitunga mimi, yeye mwenyewe akajinyima. Namba yoyote ikitaka kubadilika, lazima ipite kwangu.

"Kwa nini mimi?" nikamwuliza. "Hata sielewi."

"Ndiyo sababu, Kukhu. Mimi nikisikia nusu, nusu nyingine najijazia. Wewe utauliza."

Nikauliza. Miaka yote niliuliza. "Sema ni ya nani, au sifungui." Ya watoto? Ya wachuuzi? Ya zahanati? Ya wavuvi wa Wanyange? Mradi unaweza kuitwa chochote, lakini watu wake hawafanani. Msidhani walifurahi. Fundi mmoja aliniita boma la mkoloni. Siku nyingine Hamza mwenyewe alikuja na homa, hana sauti, anaonyesha kwa kidole tu. Nikamwambia kidole nacho si mtu, na kazi ikalala mpaka alipopata sauti, mteja akatukasirikia, na safari hiyo Hamza alikuwa sahihi tangu mwanzo. Waiswa alitishia kunirudisha kwenye ufagio. Nikamwambia ufagio sijawahi kuuacha, angalia sakafu yako.

Hamza aliondoka baadaye, akafungua kazi yake mwenyewe huko kwao. Siku anaaga aliniletea kanga, na badala ya maneno matamu akaniuliza mabano yakikosekana maana yake nini. Nikamjibu, uko kwenye korido, usiguse kitu. Akasema, "Basi naweza kwenda." Kila nikisikia seva ikikohoa asubuhi namkumbuka yeye, na kile kiti alichonivutia. Wangapi walimvutia kiti mfagiaji?

Na Nambozo akakua. Mtoto aliyeambiwa hayupo alitaka kujua ni nani huyo anayesema, na anasemea wapi. Akasoma, akasoma tena, na mwaka huu, mwaka ambao malewa yanauzwa tayari yamepikwa kwenye mikebe ya plastiki, Mungu atusamehe, ameajiriwa na Waiswa kuandika programu kwenye sebule ileile ya Nalufenya. Namwona amekaa pale pa Hamza, shingo imeinama, na mimi napita na birika nikijifanya sioni. Vijana wenzake wanaona. Wanasema, "Kukhu leo chai imejaa mpaka inamwagika." Imwagike.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuihamisha Kula. Shule ilipata visoma kadi vipya, na yule chatu wa zamani angeweza kupumzika. Nambozo hakugusa chumba cha zamani. Alijenga kipya pembeni, akakijaribu kwa kadi zake mwenyewe, akaacha vyote viwili vimesimama. Kilichobaki ni namba ya mlangoni tu, ya kuielekeza mashine kwenye chumba kipya. Chatu mzee na mimi tukapangiwa kustaafu siku moja. Msiwe na wasiwasi: Kula iko kwenye toleo jipya sasa na watoto wanakula. Ila nataka mjue ilivyopanda.

Siku hiyo Nambozo alikuwa Malukhu, shuleni, na visoma kadi vipya. Waiswa alikuwa sokoni, maana wachuuzi walikuwa wanachagua tena, na Kura nayo ilikuwa na namba mpya inayongoja. Mimi niko ofisini na kanga ya Hamza mabegani, brashi nimeshaiweka kwenye mkoba. Ikawa karibu saa ya chakula cha mchana. Simu ikalia.

Mjue kwamba mjukuu wangu, na digrii yake yote, kwa ulimi ni wa Mbale: r na l kwake ni mapacha.

"Kukhu," akasema, "pandisha Kula."

"Sema ni ya nani, au sifungui."

Akacheka. "Kukhu! Ni mimi."

"Nasikia."

"Si unaijua sauti yangu?"

"Naijua tangu ulipolia mara ya kwanza, kwenye mikono hii. Endelea."

Nyuma yake nikasikia sahani za bati na watoto wakisukumana kwenye mstari, na mpishi akimwambia mmoja aache kuvuta wenzake mashati. Nambozo aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, ya zamani.

"Kukhu, nimesimama kwenye dirisha lile."

Dirisha lile nalijua, ingawa sijalifikia. Nimekaa nalo kifuani miaka yote hii. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kibodi, neno la siri limeshaingia, namba nimeiandika, kimebaki kitufe kimoja. Nilitaka kukibonyeza kuliko nilivyotaka kitu chochote katika kazi hii. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kwenye herufi, nami najua maji na kompyuta haviendi pamoja.

"Sema ni ya nani, au sifungui."